Istilahi za Kromatografia ya Kimiminika: Kutenganisha, Kutambua na Kukadiria

Miongoni mwa maandishi ya kitaalamu yanayozidi kuwafikia wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ni vyeti vya maabara. Shehena ya mahindi ikitaka kuvuka mpaka, dawa mpya ikitaka kusajiliwa, au maji ya mto yakishukiwa kuwa na mabaki ya viuatilifu, mkemia huulizwa, naye hujibu kwa cheti. Cheti hicho aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Lakini wanaopaswa kutenda kwa mujibu wake, yaani ofisa kilimo, mwenye ghala, mwalimu mkuu anayenunua chakula cha wanafunzi, na mkulima mwenyewe, wengi wao hufanya kazi zao kwa Kiswahili. Baina ya mkemia na watu hao husimama mfasiri, na neno moja alilolichagua vibaya laweza kuifungia njia shehena njema, au kuifungulia njia shehena yenye sumu.

Katika makala haya tunakusudia kuieleza mbinu moja ambayo vyeti vingi vya namna hiyo huitegemea, nayo ni kromatografia ya kimiminika, na kupendekeza istilahi zake. Hoja yetu ni moja. Mbinu hii ina kazi tatu zinazofuatana: kutenganisha vitu vilivyochanganyika, kutambua kila kimoja ni kitu gani, na kukadiria kiasi chake. Kazi hizi si moja, wala hazina uhakika ulio sawa. Istilahi yoyote inayozichanganya, hata ikiwa tamu masikioni, humfanya msomaji aamini jambo ambalo mkemia hakulisema.

1. Asili ya jina

Mwanzilishi wa mbinu hii ni Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea wa Kirusi aliyezaliwa mwaka 1872 na kufariki mwaka 1919. Akiwa Warsaw mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa akichunguza rangi zilizomo katika majani mabichi. Alishindilia unga wa chaki ndani ya mrija wa kioo uliosimama wima, akamimina juu yake rangi zilizokamuliwa kutoka majani, kisha akaendelea kumimina kiyeyushi safi. Rangi hizo zilishuka kwa mwendo usio sawa, zikajipanga katika mikanda ya kijani na ya manjano, kila mmoja mahali pake. Mwaka 1906, katika jarida la Kijerumani la elimu ya mimea, aliipa mbinu hiyo jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya rangi na la pili lenye maana ya kuandika. Ni jambo la kupendeza kwamba jina lake la ukoo nalo, kwa Kirusi, maana yake ni rangi.

Mfasiri aliyefunzwa kwamba istilahi njema hutokana na mizizi ya Kiswahili huenda akashawishika kuandika "uandikaji-rangi" au "mchororangi". Sisi hatupendekezi hivyo. Rangi ilikuwa sifa ya vitu vya kwanza alivyovichunguza Tsvet. Haikuwa sifa ya mbinu yenyewe. Vitu vingi vinavyotenganishwa leo kwa njia hii havina rangi inayoonekana kwa macho: sukari, kafeini, paracetamol, vitamini kadhaa. Jina lenye neno rangi lingemfanya msomaji afikiri kwamba mkemia hutazama rangi ya mahindi. Jina la kigeni likiwa limekwisha kuachana na maana yake ya kwanza, kulitafsiri ni kufufua kosa lililokwisha kuzikwa. Kwa hiyo twakubaliana na matumizi yaliyokwisha kuenea: kromatografia kuwa jina la mbinu, na kromatogramu kuwa jina la mchoro unaotokana nayo.

Ama sehemu ya pili ya jina, twapendelea kimiminika kwa sababu vitabu vyetu vya shule vimekwisha kuizoeza jamii hali tatu za maada kwa majina ya yabisi, kimiminika na gesi. Ipo pia kromatografia ya gesi, na msomaji aliyepita shule ya msingi atatambua mara moja tofauti ya mbinu hizo mbili.

Mbinu ya Tsvet ilikaa miaka mingi bila kutumika sana. Mwaka 1941 Archer Martin na Richard Synge, waliokuwa wakichunguza protini za sufu huko Leeds, Uingereza, walieleza namna mpya ya kutenganisha vitu kwa kutumia vimiminika viwili, kimoja kikiwa kimeshikiliwa mahali pamoja na cha pili kikipita. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1952. Katika miaka ya 1960 wataalamu kadhaa, miongoni mwao Csaba Horváth wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliunda mitambo iliyosukuma kimiminika kwa nguvu kupita katika mirija membamba, na kazi iliyokuwa ikichukua saa nyingi ikawa ya dakika. Hapo ndipo kilipotokea kifupisho cha Kiingereza HPLC. Herufi P hapo awali ilisimama mahali pa neno lenye maana ya shinikizo; baadaye ikasimama mahali pa neno lenye maana ya ufanisi, kwa kuwa shinikizo ni njia tu, na ufanisi ndio shabaha. Mfasiri akikutana na maandishi ya zamani na ya sasa asidhani kuwa ni mbinu mbili. Twapendekeza aandike kromatografia ya kimiminika ya ufanisi mkubwa pale jina linapotajwa mara ya kwanza, kisha aendelee na HPLC kama alama, jinsi tunavyoandika H kwa haidrojeni bila kulazimika kuibadili.

2. Namna kazi inavyofanyika

Istilahi haiwezi kuchaguliwa na mtu asiyejua kitu kinavyofanya kazi. Tuwafikirie, basi, watu wawili wanaoingia kwa wakati mmoja katika mtaa mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, wenye maduka pande zote mbili. Umati unawachukua wote kwa mwendo uleule. Mmoja hapendi maduka. Huufuata umati mpaka mwisho wa mtaa. Wa pili huvutwa na kila duka la kanga: husimama, hugusa, hurudi katika umati, husimama tena. Wote wawili watatokea upande wa pili, lakini hawatatokea pamoja. Mtaa ukiwa mrefu wa kutosha, hata wawili wanaokaribiana tabia watatengana.

Ndivyo inavyokuwa katika mtambo. Mtaa wenye maduka ni mrija mwembamba wa chuma uliojazwa chembe ndogo sana. Aghalabu mrija huo huwa na urefu wa milimita 150 hadi 250 na upana wa ndani wa milimita 4.6, na chembe zake huwa na kipenyo cha mikromita 3 hadi 5. Umati ni kimiminika kinachosukumwa na pampu, mara nyingi kwa kiasi cha mililita 1 kwa dakika. Kwa kuwa chembe zimeshindiliwa sana, shinikizo laweza kufikia mara 400 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Na katika mitambo mipya yenye chembe ndogo zaidi, hupita mara 1,000. Sampuli, aghalabu mikrolita 20, ambazo hazifiki nusu ya tone, huingizwa katika mkondo huo. Vitu vilivyomo ndani yake husafiri, kila kimoja kikikawia kadiri kinavyovutwa na chembe. Mwisho wa mrija kimewekwa chombo kinachohisi kwamba kuna kitu kinapita, nacho hupeleka habari kwenye kompyuta. Kompyuta huchora mstari. Pasipopita kitu, mstari hulala. Kikipita, mstari hupanda kama mlima na kushuka tena.

Mwalimu asiye na mtambo aweza kuwaonyesha wanafunzi asili ya jambo hili kwa kipande cha chaki. Achore nukta ya wino mweusi wa kalamu isiyo ya mafuta karibu na mwisho mmoja wa chaki, kisha aisimamishe katika maji machache yasiyofika kwenye nukta. Maji yatapanda, na wino uliodhaniwa kuwa mmoja mara nyingi utaachana na kuwa rangi mbili au tatu.

3. Istilahi zinazohitaji uangalifu

Vipo vitu katika mtambo huu ambavyo havina shida. Pampu ni pampu. Kiyeyushi, sampuli na shinikizo yamekwisha kuzoeleka, ingawa mfasiri akumbuke kwamba katika mazungumzo "sampuli" huwa pia na maana ya aina. Yafuatayo ndiyo yanayohitaji kufikiriwa.

(a) Maada tuli na maada tembezi. Kinachobaki ndani ya mrija na kinachopita huitwa kwa Kiingereza kwa neno moja ambalo kamusi nyingi hulitafsiri "awamu". Tumepata kuona "awamu tulivu" na "awamu tembezi" katika tafsiri mbalimbali. Lakini awamu katika Kiswahili ni kipindi: tuna awamu ya kwanza ya ujenzi na awamu ya pili. Msomaji atadhani kwamba mtambo hutulia kwanza, kisha hutembea. Kwa hakika vyote viwili vipo kwa wakati mmoja, na utenganishaji hutokana na kuwapo kwao pamoja. Kwa hiyo twapendekeza maada tuli na maada tembezi.

(b) Mrija tenganishi. Neno "safu" hutumiwa kwa jedwali na kwa gazeti, na vyeti vya maabara vimejaa majedwali. Sentensi kama "matokeo ya safu ya pili" itamwacha msomaji asijue kama inatajwa sehemu ya karatasi au sehemu ya mtambo. "Nguzo" nayo huonyesha kitu kigumu kinachobeba paa, ilhali hiki kina tundu, na kazi yake ni kupitisha. Mrija ni neno la kila siku, na kivumishi tenganishi huutofautisha na mirija mingine ya mtambo.

(c) Pendamaji na kimbiamaji. Hapo zamani chembe zilizotumika zilikuwa za silika, ambayo huvuta maji, na vitu vinavyofanana na maji vilikawia zaidi. Njia hiyo, kwa kuwa ilitangulia, iliitwa "ya kawaida". Baadaye chembe za silika zikavishwa minyororo ya kaboni, mashuhuri zaidi ikiwa ile ya kaboni 18, na mambo yakageuka: vitu vyenye tabia ya mafuta ndivyo vilivyokawia. Njia hii ikaitwa "ya kinyume". Leo hii ya kinyume ndiyo inayotumika zaidi, na ile ya kawaida si ya kawaida tena! Mfasiri akiandika "kromatografia ya kawaida", msomaji ataelewa ile iliyozoeleka, na atakuwa amekosea. Twapendekeza majina yanayotaja tabia ya maada tuli badala ya historia yake: kromatografia ya pendamaji na kromatografia ya kimbiamaji.

(d) Muda wa kukawia. Huu ni muda tangu sampuli kuingizwa hadi kilele cha kitu fulani kutokea. Wapo wanaoandika "muda wa kuzuiliwa", lakini kuzuiliwa kwahitaji mzuiaji mwenye amri, nako kwanuka mahabusu. Kitu hiki hakizuiliwi, hukawia. Neno kukawia latosha.

(e) Utengano wa vilele. Vilele viwili vikisimama mbali bila kugusana miguuni, mkemia husema utengano wake ni mzuri. Hesabu yake ikifikia 1.5, huhesabiwa kwamba vimeachana kabisa. Neno la Kiingereza linalotumika hapa ndilo lilelile la mikutanoni, na mfasiri mwenye haraka akifungua kamusi atakuta "azimio". Vilele havipitishi azimio.

(f) Mtikisiko wa mstari. Mstari uliolala haulali kabisa; hutetemeka kidogo hata pasipopita kitu. Kiingereza huuita mtetemo huo kwa neno lenye maana ya kelele, lakini hapa hakuna sauti. Mtikisiko ni wazi zaidi, nao utatufaa tutakapozungumzia vikomo.

(g) Kigunduzi, si kitambuzi. Hapa pana jambo kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Chombo kilichowekwa mwisho wa mrija huitwa na baadhi ya waandishi "kitambuzi". Neno hilo lapotosha. Kutambua ni kujua kwamba huyu ni fulani. Chombo hiki hakijui. Turudi kwenye mfano wetu wa mtaa: kigunduzi ni mlinzi aliyesimama mwisho wa mtaa, aliyepewa saa na daftari. Huandika kwamba saa fulani ametokea mtu, na kwamba mtu huyo alikuwa mnene au mwembamba. Jina lake halijui. Na iwapo watu wawili wasiofahamiana wanapenda maduka kwa kiasi kimoja, watatokea kwa dakika ileile, naye atawaandika kama mtu mmoja.

Utambuzi, basi, haufanywi na chombo. Hufanywa na mkemia kwa kulinganisha. Huingiza kwanza kemikali safi anayoijua, akaona inakawia kwa dakika ngapi. Kisha huingiza sampuli, akatazama kama kuna kilele kwa muda huohuo. Kemikali hiyo safi twaiita kilinganishi, wala tusiiite "kiwango", kwa sababu kiwango katika Kiswahili cha serikali ni kipimo kilichowekwa kisheria, na cheti kimoja chaweza kuvitaja vyote viwili. Ni kweli kwamba vipo vigunduzi vyenye uwezo mkubwa zaidi, kama kile kinachopima tungamo la molekuli na vipande vyake, ambacho humkaribisha sana mkemia kwenye utambuzi. Hata hivyo anayetoa hukumu ni mkemia, naye huhitaji kilinganishi.

4. Mfano: mahindi na sumukuvu

Ili kuonyesha kwamba haya si mabishano ya maneno matupu, tuchukue mfano wa mahindi. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Kuvu hiyo ni Aspergillus flavus, na jina la sumu yake, aflatoksini, lilifinyangwa kutokana na jina hilo la kuvu. Zile zilizo muhimu katika nafaka ni nne, na majina yake yametokana na rangi ya mng'ao wake chini ya mwanga wa urujuanimno: B1 na B2 hung'aa kwa buluu, G1 na G2 kwa kijani, herufi zenyewe zikitokana na majina ya Kiingereza ya rangi hizo. B1 ndiyo kali kuliko zote, na aflatoksini zimethibitishwa kuwa husababisha saratani ya ini kwa binadamu. Zikiliwa kwa wingi huua kwa siku chache. Mwaka 2004, katika Mashariki ya Kenya, watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 vifo vilitokea Tanzania pia, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi hakiruhusu aflatoksini zote kwa jumla zizidi mikrogramu 10 katika kilo moja, na B1 peke yake isizidi 5. Mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu 10, uzito usiozidi sana vijiko viwili vya chai vya sukari, zilizotawanyika katika magunia 10,000 ya kilo 100. Jicho haliwezi kuona kitu hicho, wala ulimi kukionja. Ndiyo sababu ya kuhitaji mtambo.

Mahindi husagwa, sumu huvutwa kutoka katika unga kwa mchanganyiko wa methanoli na maji, na kimiminika huchujwa. Kisha hupitishwa katika kimrija chenye kingamwili zinazonasa aflatoksini tu na kuyaacha mengine yapite. Zilizonaswa huoshwa na kuingizwa katika mtambo wenye maada tuli kimbiamaji. Kwa kawaida hutokea kwa mpangilio huu: G2, G1, B2, na mwisho B1. Kigunduzi hapa ni cha mng'ao: huzimulika kwa mwanga zinapopita na kupima mng'ao wake. Kwa kuwa B1 na G1 hufifia ndani ya maji, hutendewa kwanza kwa kemikali au kwa mwanga ili zing'ae vizuri.

Msomaji na aone jambo lililofichika katika maelezo hayo. Neno sumukuvu limeenea sana Tanzania mahali pa aflatoksini, nalo ni neno zuri, fupi na la Kiswahili halisi. Lakini sumu zitokanazo na kuvu ni nyingi. Katika mahindi yetu imo pia fumonisini, itokanayo na kuvu nyingine, ambayo kiwango cha Afrika Mashariki kimeiwekea kikomo cha mikrogramu 2,000 kwa kilo. Kingamwili za aflatoksini hazinasi fumonisini; na hata ingepita, haina mng'ao wake wa asili, kwa hiyo kigunduzi hicho hakingeiona. Huhitaji kipimo chake peke yake. Ikiwa cheti kinasema kwamba aflatoksini hazikugunduliwa, na mfasiri akaandika "mahindi haya hayana sumukuvu", amekiongezea cheti madai ambayo mtambo haukuweza kuyachunguza.

Thamani ya tofauti hii ilionekana mwezi Machi 2021, Kenya iliposimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu kwa jumla. Siku chache baadaye ikauruhusu tena kwa masharti, mojawapo likiwa kila shehena kuwa na cheti cha kiasi cha aflatoksini. Amri ya kwanza ilitaja jamii nzima. Sharti lilitaja mmoja wa jamii hiyo. Anayetafsiri hati za namna hiyo kwa neno moja huwapotosha wafanyabiashara na maofisa wa mpakani kwa pamoja. Twapendekeza, basi, kwamba sumukuvu litumike kwa jamii nzima ya sumu za kuvu, na aflatoksini, fumonisini na nyinginezo zitajwe kwa majina yake kila panapohusika kipimo au sheria. Katika mafunzo ya wakulima, ambako shabaha ni kukausha na kuhifadhi vizuri, sumukuvu latosha.

5. "Haikugunduliwa" si "haimo"

Limebaki neno moja, nalo ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Tumesema kwamba mstari uliolala hutikisika. Kilele kidogo sana hakiwezi kutofautishwa na mtikisiko huo. Kwa hiyo kila kipimo kina vikomo viwili. Cha kwanza twakiita kikomo cha ugunduzi: ni kiasi kidogo kabisa ambacho kilele chake hupita mtikisiko, aghalabu mara 3. Cha pili ni kikomo cha ukadiriaji: ni kiasi kidogo kabisa kinachoweza kutajwa kwa tarakimu ya kuaminika, na kilele chake aghalabu hupita mtikisiko mara 10. Kiasi kilicho baina ya vikomo hivi viwili kimegunduliwa, lakini hakiwezi kukadiriwa.

Mkemia anapoandika "haikugunduliwa" ana maana kwamba kama kitu hicho kimo, basi kiko chini ya kikomo cha ugunduzi cha kipimo chake. Hasemi kwamba hakimo. Maabara yenye kikomo cha mikrogramu 1 na maabara yenye kikomo cha mikrogramu 8 zote zaweza kuandika "haikugunduliwa", lakini hazikusema jambo moja. Mfasiri asiandike "haimo", "haina" wala "ni salama". Aandike haikugunduliwa, na tarakimu ya kikomo iliyomo katika cheti aifuatishe papo hapo katika sentensi hiyohiyo, asiiache chini kabisa ya ukurasa.

Kadhalika, cheti husema juu ya sampuli, hakisemi juu ya ghala. Aflatoksini hazienei sawasawa: punje chache zilizooza zaweza kubeba sumu nyingi huku nyingine zote zikiwa safi. Ndiyo maana makosa makubwa katika upimaji huu hutokana na uchukuaji wa sampuli kuliko na mtambo. "Sampuli iliyoletwa" isigeuzwe kuwa "mahindi ya ghala hilo".

6. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Kromatografia ya kimiminika: mbinu ya kutenganisha vitu kwa kuvipitisha na kimiminika juu ya maada isiyotembea.
Kromatogramu: mchoro wa mstari unaoonyesha vitu vilivyopita na wakati vilipopita.
Maada tuli: chembe, au utando uliovishwa juu yake, zinazobaki ndani ya mrija.
Maada tembezi: kimiminika kinachopita na kubeba sampuli.
Mrija tenganishi: mrija uliojazwa maada tuli.
Kiingiza sampuli: sehemu ya mtambo inayotia sampuli katika mkondo.
Kigunduzi: chombo kinachohisi kwamba kuna kitu kinapita mwisho wa mrija.
Muda wa kukawia: muda tangu kuingizwa kwa sampuli hadi kutokea kwa kilele.
Kilele: mwinuko wa mstari, eneo lake huonyesha kiasi.
Utengano wa vilele: kadiri vilele viwili jirani vilivyoachana.
Mtikisiko wa mstari: mtetemo wa mstari pasipopita kitu.
Kilinganishi: kemikali safi inayojulikana, ya kulinganishia.
Kikomo cha ugunduzi: kiasi kidogo kabisa kinachoweza kugunduliwa.
Kikomo cha ukadiriaji: kiasi kidogo kabisa kinachoweza kutajwa kwa tarakimu.

7. Hitimisho

Katika orodha hii tumekopa maneno machache, yaani kromatografia, kromatogramu na majina ya sumu, na mengine tumeyapata katika Kiswahili cha kila siku. Hatukutafuta maneno mapya kwa kupenda upya. Tulichokitafuta ni kwamba kila neno libebe kazi moja tu: la kutenganisha lisiazimwe kwa kutambua, la kugundua lisiazimwe kwa kukadiria. Mkemia huzitenga kazi hizi kwa uangalifu mkubwa kabla hajatia sahihi yake. Mfasiri anayeziunganisha tena kwa neno moja hutia sahihi yake mwenyewe juu ya jambo asilolipima.

Twawaomba walimu wa kemia wazijaribu istilahi hizi madarasani, na wafasiri wa idara na mashirika wazijaribu katika vyeti halisi, kisha watuletee maoni yao. Neno litakaloonekana kukwaza ulimi, au kumpeleka msomaji kwenye maana nyingine, litajadiliwa upya. Lakini tungependa kila pendekezo lije na sentensi ya cheti ambamo neno hilo litasimama, kwa maana istilahi haijulikani ubora wake katika orodha. Hujulikana pale ofisa wa mpakani anapoisoma na kuamua lori lipite au lisipite.